Mada Iliyolala Haiamshwi kwa Asante Tupu

Msimamizi aliwaogopa kuku, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu alipaswa kulijua kumhusu. Sisemi uoga wa mzaha. Akiona jogoo mbele yake njiani, alivuka barabara. Akialikwa nyumbani kwa mtu, aliuliza kwanza kama kuku wamefungiwa. Na mwanamke huyu, kwa karibu muongo wote wa mwanzo wa miaka ya elfu mbili, ndiye aliyeliongoza jukwaa letu la mtandaoni la wafugaji wa kuku wa Nairobi.

Alilifikia jukwaa hilo kwa njia ya ajabu. Alipostaafu alikusudia kufuga, akashauriwa na mwanawe ajiunge nasi ili aulize namna ya kuuondoa uoga. Aliuliza swali hilo moja tu. Kabla hajajibiwa aliona jinsi tulivyokuwa tukijibizana ovyo, huyu kaandika mahali si pake, yule karudia swali la juzi, akaanza kutupanga. Kijana aliyelianzisha jukwaa alikuwa amechoka na ugomvi wetu, akamkabidhi funguo zote. Uoga haukuisha, ila fujo ziliisha.

Kazi yake ya maisha ilikuwa ya opereta wa simu, katika ofisi moja kubwa katikati ya jiji. Kila simu iliyoingia ilipita mikononi mwake, akaiunganisha na ghorofa inayohusika. Alikuwa na sauti ambayo ukiisikia unanyoosha mgongo. Mtu akipiga maneno marefu mkutanoni, yeye humwambia, "Shika laini," na mtu huyo hushika kweli. Akifunga mada jukwaani aliandika chini yake kwa herufi kubwa: LAINI IMEKATWA. Na kwa kuwa ofisi yao haikupokea simu mwisho wa juma, basi yeye naye, tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, hakuigusa kompyuta hata kama nchi nzima ya kuku ingekuwa inaharisha. Tabia hii ishikeni, maana ndiyo iliyoleta yote.

Mimi nilimjua kwa sababu ya neno asante. Nilikuwa karani katika ofisi ya bima mjini, nikifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba kule Kabiria. Kuku wangu walikuwa wameanza kula mayai yao wenyewe, jambo la kumkatisha mtu tamaa. Saa ya chakula cha mchana nikapekua jukwaa, nikakuta mada ya zamani ambapo mtu alieleza jinsi ya kujaza ganda la yai kwa pilipili ya kusagwa na kuliacha kiotani. Nilifanya hivyo. Kuku aliyekuwa kiongozi wa wizi alidonoa mara moja, akakimbia uwanja mzima huku amefungua mdomo, na tangu siku hiyo mayai yakawa yangu. Kwa furaha nikarudi kwenye ile mada nikaandika, "Asante sana, imesaidia."

Kesho yake nikakuta ujumbe. "Dada, mada hii ilikuwa imelala zaidi ya miaka miwili. Umewaamsha watu wote waliokuwa humo, wamekuja mbio wakidhani kuna jipya, kumbe ni asante. Mkono mtupu haulambwi. Laini imekatwa."

Nilikasirika, sikatai. Nikamjibu, "Madam, pole. Lakini mimi nilifundishwa kwetu nikisaidiwa niseme asante. Sasa nisemee wapi?"

Kesho yake akaandika: "Swali zuri. Hatuna mahali. Njoo Jumamosi tunywe chai mjini, tutafute."

Ndivyo nilivyokuwa naibu wake. Jina langu hakulitumia tena. Hata kwenye simu alikuwa akisema, "Naibu, sasa?" na mimi namjibu, "Poa, Madam," kama tuko kwenye baraza la mawaziri.

Sheria zake kuhusu mada za kale zilikuwa na sababu, na akikueleza unakubali hata kama hutaki. Mada ya kale ikijibiwa hupanda juu ya ukurasa wa mbele, kwa hiyo mtu akiamsha mada, alisema, anaamsha watu. Wapo ambao kuku wao walikufa na wameshasahau, wewe unawarudisha matangani. Wapo waliouliza bei za mwaka juzi, wewe unawajibu kwa bei za leo na wanagombana. Mfano aliopenda kuutoa ni wa bwana mmoja aliyeuliza afanye nini na kuku wake anayechechemea. Mwaka mmoja na zaidi baadaye akatokea mjuaji na ushauri mrefu wa kumfunga kijiti na kumpa maji ya dawa asubuhi na jioni. Mwenye kuku akajibu mstari mmoja: "Huyo tulimla Krismasi."

Msimamizi alipokuwa akisimulia hiyo alicheka mpaka miwani ikateleza puani. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake, na wahudumu wa ile hoteli ya chai, ghorofani karibu na Moi Avenue, walipokisikia walitabasamu wakiwa jikoni. Tulikutana hapo, wanajukwaa tuliopenda kuonana uso kwa uso. Alitupanga mezani kwa kufuata nani alijiunga kabla ya nani, na mgeni alikaa karibu na mlango hata angekuwa na mvi. Mtu akigusa jambo la mkutano uliopita, Msimamizi huinua kijiko chake cha chai: "Una jipya?" Kama hana, basi. Msemo wake ulikuwa yaliyopita si ndwele, na ile sehemu ya kuganga yajayo alituachia sisi tuimalizie.

Lakini mwanamke huyohuyo aliyetukataza ya kale, hakusahau kitu. Alikumbuka kuku wa kila mtu kwa majina na tabia. Aliweza kumuuliza mtu ambaye hajaonekana miezi mingi, "Yule kuku wako wa shingo tupu bado anatagia ndani ya gumboot?" Alinikumbusha mimi mwenyewe siku niliyonunua vifaranga wangu wa pili. Nilimwambia, "Madam, wewe unatukataza kufungua mada za zamani, na kumbe zote umezibeba kichwani." Akasema, "Mimi nilikuwa opereta. Opereta hukumbuka kila namba. Haimaanishi anapiga."

Mada moja tu hakuitaja kamwe, na mimi niliikuta mwenyewe nilipokuwa nikisafisha jukwaa. Ilifunguliwa kabla sijajiunga, na mwanachama wetu wa Spring Valley, bwana mwenye bustani kubwa aliyefuga bata kwa ajili ya kuwatazama tu. Kichwa chake kilikuwa "Msimamizi wetu amelazwa." Chini yake walijipanga watu kumi na zaidi: pole Mama, tunakuombea, Jumapili tutafika, mimi pia nitafika, tuonane huko. Kisha kimya. Baada ya siku kadhaa Msimamizi mwenyewe aliandika, "Nimetoka hospitalini. Asanteni." Hakuna aliyeongeza neno. Mada ikazama.

Nilimuuliza, tukiwa nyumbani kwake Kileleshwa, kama walikuwa wengi Jumapili hiyo. Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Hakuna mtu alikuja," akasema. "Kila mtu alidhani wale wengine wameenda. Naelewa. Lakini Naibu, mimi nilikuwa nimemwomba nesi viti vya ziada. Akavileta, akavipanga. Jioni akaja akavichukua, hakuniuliza kitu."

Nilitaka kulia na nilitaka kuwapigia simu wote mmoja mmoja niwatukane. Yeye alinipa chapati nyingine. Ndipo nikaelewa kwamba yale ya bei na ya kuku aliyeliwa Krismasi yalikuwa kweli, lakini hayakuwa yote. Kila mada ya kale iliyopanda juu ilimkumbusha kwamba na ile yake iko humo ndani, na siku moja mtu ataiamsha kwa maneno matupu kama yale ya kwanza.

Basi alipotangaza kwamba kuanzia Jumatatu fulani mada zote zilizozidi mwaka mmoja zitafungwa kabisa, zisisomwe wala zisijibiwe, nilijua ni ipi alikuwa anaifunga. Nilimpinga. Nilimwambia ile ya pilipili ingekuwa imefungwa, leo mimi ningekuwa nimeuza banda langu. Nilimwambia tutazika akili za watu wote wale. Akasema, "Naibu, shika laini," na mimi nikashika, lakini nilikuwa nimeudhika kweli.

Aliyemchokoza mpaka akafikia hapo ni mwanachama mpya, Mkaguzi. Huyu alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu kutoka magharibi mwa nchi, amekuja kukaa na binti yake Kabiria, yeye na mkewe. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusoma faili kuanzia katikati, na hakukusudia kuanza uzeeni. Aliingia saiba, duka la kulipia intaneti, kule Kawangware, akafungua jukwaa letu kwenye mada ya kwanza kabisa, akawa anasoma kuja mbele. Na kwa kuwa kwao huwezi kupita watu wameketi usiwasalimie, kila mada aliyopita aliandika salamu. Kwa alasiri moja aliamsha mada nyingi kiasi kwamba ukurasa wa mbele ulijaa wafu.

Msimamizi alimwandikia: "Bwana Mkaguzi, mada hizi ni za kitambo. Tafadhali soma tarehe."

Akajibu, "Tarehe nimeziona, Mama Msimamizi. Nilipita nikakuta watu wamekaa, nikaona si vizuri kupita kimya."

Alimwonya mara ya pili, naye Mkaguzi akaomba radhi kwa lugha nzuri sana, akaendelea kusalimia. Sisi wengine tulikuwa tunacheka ofisini mpaka wakubwa wetu wanachungulia. Watu wa kwao husifika kwa kupenda nyama ya kuku, basi tulimtania kwamba mtu wa magharibi akiona jukwaa la kuku hujua ameitwa mezani. Naye akatujibu kwamba ni kweli, na kwamba anasubiri sahani.

Jioni ya Ijumaa ya mwisho kabla ya ile Jumatatu, Mkaguzi aliifikia mada ya Msimamizi. Sisi viongozi hatukuiona. Msimamizi alikuwa ameshazima kompyuta yake kama kawaida, nami nilisoma jukwaa ofisini tu, siku za kazi. Mkaguzi aliandika: "Poleni kwa ugonjwa wa Msimamizi. Ziara ni Jumapili hii baada ya ibada, nyumbani kwake. Mimi na mke wangu tutafika. Anayejua njia atuelekeze." Mada ikapanda juu kabisa, na kichwa chake kikiwa vilevile: "Msimamizi wetu amelazwa." Nani huangalia tarehe akisikia mtu wake anaumwa? Bwana wa Spring Valley aliandika njia yote, geti la rangi gani, ngazi ya upande gani. Wengine wakapigiana simu.

Jumapili hiyo mimi nilikwenda Kileleshwa kwa shauri langu mwenyewe, kumsihi Msimamizi kwa mara ya mwisho asizifunge zile mada. Getini nikakuta umati. Wanawake wa vitambaa vya kanisani wana chupa za uji. Wanaume wa suti wamebeba trei za mayai, ndizi, kreti la soda. Askari wa geti alikuwa anauliza kama kuna ruracio, sherehe ya mahari, ambayo hakuambiwa.

"Anaendeleaje?" mama mmoja akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Nani?"

"Si Msimamizi! Kwani wewe naibu mzima hujui?"

Nilipanda zile ngazi mbele ya wote, nikabisha kama nyumba inaungua.

Alifungua mwenyewe. Alikuwa na aproni, unga mikononi mpaka kwenye viwiko, na redio nyuma yake inaimba nyimbo za injili. Alitutazama. Ngazi nzima ilikuwa imejaa watu mpaka chini.

"Mama," Mkaguzi akasema kwa upole kutoka nyuma yangu, "umepona?"

"Nilipona kitambo," akasema Msimamizi. "Miaka imepita."

"Mungu ni mwema!" akapaza sauti mke wa Mkaguzi, na ngazi yote ikaitikia, "Kila wakati!" Ombi la kuponya lililokuwa limeandaliwa likageuzwa palepale likawa la shukrani, nasi tukaingia, wengi wetu tukakaa chini sakafuni.

Bwana wa Spring Valley ndiye aliyeelewa kwanza. Nilimwona akipiga hesabu usoni. "Jamani," akasema polepole, "hii thread niliifungua mimi. Si ni ile ya wakati ule?" Wale walioahidi zamani wakaanza kutazama viatu vyao.

Ni wakati huo ambapo kuku aliponyoka. Mke wa Mkaguzi alikuwa amekuja na kuku wa kienyeji, mweusi mwenye madoa, ndani ya mfuko wa plastiki uliotobolewa ili achomoze kichwa. Sijui nani alimlegezea. Alipita juu ya mapaja ya watu, na nilipogeuka, Msimamizi alikuwa amesimama juu ya kochi, aproni ameikusanya magotini.

"Bwana Mkaguzi!" akapiga kelele kutoka huko juu. "Wewe si nilikuambia usome tarehe?"

"Nilisoma, Mama."

"Ulisoma?"

"Nilisoma mada yote, mwanzo mpaka mwisho," akasema Mkaguzi. Alikuwa amemkamata kuku na kumkumbatia kifuani. "Watu waliandika kwamba watafika. Sikuona mahali hata mmoja ameandika kwamba alifika. Sasa mimi kazi yangu ilikuwa ukaguzi. Ziara ikiwa haijafanywa, hatufungi faili."

Msimamizi alibaki juu ya kochi. Nilidhani atasema laini imekatwa. Badala yake alianza kucheka, kile kicheko chake kikubwa, na katikati ya kicheko machozi yakatoka, akayafuta kwa mikono ya unga mpaka uso ukawa mweupe. Bwana wa Spring Valley akamshika mkono kumteremsha, akasema, "Mama, tusamehe," na wengine wakasema hivyo pia. Akawajibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila nyinyi mlichelewa, mwenyeji akapona peke yake. Haya, nani anajua kusukuma chapati?"

Tulikula mpaka jioni. Viti havikutosha, akaomba vya jirani, na nilimwona akivipanga mwenyewe, kimoja kimoja, bila haraka. Sidhani nimewahi kuona mtu mwenye furaha kama yeye siku ile.

Jumatatu hakufunga mada hata moja. Aliandika sheria mpya, na ndiyo iliyodumu: anayetaka kufungua mada ya kale apige hodi, aseme ni muda gani umepita, asome yote yaliyosemwa, na asije mikono mitupu. Na kama mada ina ahadi ambayo haikutimizwa, hiyo haihesabiwi kuwa ya kale. Mkaguzi alipewa kazi ya kupekua mada za zamani kutafuta ahadi kama hizo, akaifanya kwa bidii iliyotutesa sana.

Baadaye mambo yalibadilika, kama yanavyobadilika. Watu walihamia kwenye mitandao mingine ambako hakuna mada, kuna picha tu zinazopita. Jukwaa likawa na ukimya. Mimi nilipandishwa cheo, kazi ikaongezeka, ndoa ikaja na mambo yake. Nilikuwa nikisema nitampitia Msimamizi wiki hii, kisha ijayo. Mnajua jinsi inavyokuwa.

Nilimwona tena mwishoni mwa muongo huo, Jumamosi moja ya baridi. Nilikwenda na trei ya mayai ya kuku wangu. Nilibisha.

"Nani?"

"Hodi, Madam. Ni Naibu."

Mlango haukufunguka. "Imepita muda gani?" sauti ikauliza, ileile ya kunyoosha mgongo.

"Mwaka na nusu," nikasema, nikiona aibu.

"Tuliishia wapi?"

"Ulikuwa unalalamika kwamba dirisha la jikoni halifungi."

"Mikono?"

"Nina mayai."

Akafungua. Alikuwa amepungua mwili, lakini kicheko kilikuwa palepale. Tulipokuwa tukinywa chai nikasikia kitu kikikwaruza nyuma ya mlango wa kibaraza cha kuanikia nguo. Nilimtazama. Akatazama pembeni. Niliinuka nikafungua, na ndani ya boksi lililotandikwa magazeti alikuwa ameketi kuku mweusi mwenye madoa, mzee, mnono, ananitazama kama mpangaji.

"Madam! Huyu si yule?"

"Ni yeye. Mwenye nyumba hajui. Askari anajua, mkija alikuwa akinifichia na kula mayai yake, lakini siku hizi hatagi."

"Na uoga?"

"Bado namwogopa sana," akasema. Akanionyesha mwiko mrefu wa ugali alioufungia kikombe mwishoni, ambao kwa miaka yote hiyo alikuwa akimpelekea chakula akiwa amesimama mlangoni.

"Sasa kwa nini hukumpa mtu?"

"Siku ile mlikula chapati tu," akasema. "Mliniletea kuku, na mimi sikuwapikia. Nikasema mkirudi nitamchinja. Ama mtachinja nyinyi." Akanywa chai. "Mkirudi."

Niliweka kikombe chini. Maneno matupu alikuwa ameyapokea ya kutosha. Nikatoa simu yangu, iliyokuwa na intaneti ya kusuasua, nikalitafuta jukwaa letu mpaka likafunguka, nikashuka chini, chini zaidi, mpaka nikaifikia. "Msimamizi wetu amelazwa." Nikaandika: "Hodi wenyewe. Ni miaka minne tangu mara ya mwisho. Nimesoma yote. Msimamizi ni mzima, na kuku wa ile Jumapili yuko hai, anatungoja sisi. Kesho baada ya ibada."

Tulikaa tukiitazama ile simu mezani kama watu wanaochemsha maziwa. Chai haikuwa imepoa ilipolia. Nikamsomea: "Pole sana! Mgonjwa anaendeleaje? Mimi na mke wangu tunakuja."

Hakuuliza ni nani. Alivaa miwani, akaisoma mwenyewe, akairudia.

"Mwambie asome tarehe," akasema. Kisha akainuka kwenda kuomba viti kwa jirani. "Halafu aje."